Mtu mwenye ua mdomoni

Katika parokia zetu nyingi sikukuu haipiti pasipo mchezo. Misa ikiisha, watu wakiisha kula, mabenchi yatolewa nje, vijana wajificha nyuma ya shuka iliyofungwa kati ya miti miwili, na mchezo waanza: mlevi na bibi yake, mwana mpotevu, tajiri na Lazaro. Ni michezo ya nusu saa, hata robo saa. Wapo wanaoidharau, wakisema ni ya kuchekesha watoto. Lakini mchezo mfupi una nguvu yake, kwa kuwa hauna nafasi ya kupoteza maneno. Watu wa Katanga wanalijua jambo hilo tangu zamani. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilicheza kwa Kiswahili chao, katika redio na katika televisheni, na kicheko chake kiliwaambia watu mambo makubwa.

Televisheni yenyewe, ilipokuwa ingali changa, ilijifunza kutembea kwa kushikwa mkono na michezo mifupi ya teatri. Leo twataka kuchunguza mmoja wa michezo hiyo, ulioonyeshwa huko London mwaka 1930. Hatuuchunguzi kwa sababu ni wa zamani tu. Vitu vya zamani ni vingi, na vingine havina maana tena. Twauchunguza kwa sababu wasimulia habari za mgonjwa anayekaribia kufa, na za watu wanaomtazama. Neno hilo latuhusu sisi tunaokwenda kuwaona wagonjwa, na latuhusu zaidi siku ile tusipokwenda.

Mtambo mdogo, mchezo mfupi

Kwanza tukumbuke namna mambo yalivyoanza. Tarehe 11 Septemba 1928, katika mji wa Schenectady huko Marekani, watu walijaribu kupeleka mchezo mzima kwa njia ya televisheni. Walichagua mchezo wa J. Hartley Manners uitwao The Queen's Messenger. Ndani yake mna watu wawili tu: mjumbe anayechukua barua za siri, na mwanamke anayemtega. Hata hivyo wachezaji walikuwa wanne. Wawili walionyesha nyuso zao na kusema maneno. Wengine wawili walionyesha mikono tu, wakishika vitu vya mchezo. Mtambo haukuweza kuchukua mwili wote wa mtu, kwa hiyo mtu mmoja aligawanywa: kichwa cha huyu, mikono ya yule. Na kioo cha kutazamia hakikupita upana wa kiganja. Katika jaribio hilo mtambo ulikuwa bwana, na mchezo ulikuwa mtumwa wake. Watu walitaka kujua kama chombo chaweza kazi, basi. Habari ya mjumbe na mwanamke ingaliweza kubadilishwa kwa nyingine, na hakuna ambaye angalisikitika.

Jaribio la London lilikuwa la namna nyingine. Tarehe 14 Julai 1930, saa tisa na nusu alasiri, shirika la BBC pamoja na kampuni ya John Logie Baird walipeleka mchezo wa Luigi Pirandello, mtu wa Sicilia. Kwa Kiitaliano unaitwa L'uomo dal fiore in bocca, maana yake mtu mwenye ua mdomoni. Pirandello aliuandika kwanza kama hadithi fupi mwaka 1918, kisha akaugeuza kuwa mchezo wa teatri wa tendo moja. Aliyeuongoza kwa televisheni ni Lance Sieveking. Earle Grey alicheza mgonjwa, Lionel Millard msafiri, na Gladys Young mwanamke. Mchoraji C. R. W. Nevinson alichora picha za mahali. Kati ya watazamaji alikuwamo waziri mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, aliyekuwa na chombo nyumbani kwake.

Picha za siku ile hazikuhifadhiwa. Lakini mwaka 1967 mchezo ulifanywa tena kwa mtambo wa namna ile ile, Sieveking mwenyewe akisaidia, pamoja na michoro ile ile ya Nevinson, na marudio hayo yaweza kutazamwa hata leo. Basi twauhukumu mchezo huu kwa maandishi ya Pirandello, kwa yanayojulikana juu ya mtambo, na kwa marudio hayo.

Habari ya mchezo

Ni usiku, nje ya nyumba ya kahawa karibu na stesheni ya gari la moshi. Msafiri mmoja amekaa mezani. Ni mtu mpole, wa kawaida kabisa. Amekosa gari kwa dakika moja tu, kwa sababu ya mafurushi mengi ambayo bibi yake na binti zake walimtuma kuwanunulia mjini. Analalamika juu ya mafurushi hayo kama mwanamume yeyote angalivyolalamika.

Kwenye meza nyingine yuko mtu mmoja. Anaanza kusema habari ya namna watumishi wa maduka wanavyofunga vitu katika karatasi: wanavyoikunja, wanavyoipitisha kamba, wanavyofanya kitanzi cha kutia kidole. Asema yeye husimama saa nzima nje ya duka akitazama mikono hiyo tu. Tena hukumbuka viti vya chumba cha kungojea cha waganga, akijiuliza ni nani sasa amekaa juu ya kiti kile alichokalia yeye. Anashikamana na maisha ya watu asiowajua kama mmea unaotambaa unavyoshika ukuta.

Msafiri hafahamu. Ndipo yule mtu amwonyesha kitu kilicho chini ya sharubu zake: uvimbe mdogo wa rangi ya zambarau. Ni kansa. Mauti ilipita njiani, asema, ikamchomeka ua hilo mdomoni, ikamwahidi kurudi baada ya miezi minane au kumi.

Na kwenye pembe ya barabara kuna kivuli cha mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Ni bibi yake. Amfuata kila mahali, amchungulia kutoka mbali. Angetaka akae nyumbani, apumzike, atunzwe. Yeye hataki. Ataja miji ya Messina na Avezzano, ambayo tetemeko la nchi liliibomoa, Messina mwaka 1908 na Avezzano mwaka 1915. Auliza kama nyumba za miji ile, zingalijua yanayokuja, zingalikaa kwa utulivu zimejipanga chini ya mwezi. Msomaji wa Goma hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Aliyeuona moto wa Nyiragongo ukiingia mjini mwaka 2002 ajua namna nyumba iliyofagiliwa asubuhi inavyoweza kukosekana jioni.

Mwishoni mgonjwa amwomba msafiri jambo moja. Asubuhi atakaposhuka katika gari, na kwenda kwa miguu kuelekea nyumba walimo watu wake, atazame fungu la kwanza la majani kando ya njia, ahesabu majani yake. Hesabu yake ndiyo siku ambazo mgonjwa angali nazo. Tena amsihi achague fungu kubwa. Kisha acheka, aondoka. Lakini akifika karibu na pembe aogopa kumkuta bibi yake, ageuka, akimbilia upande mwingine. Msafiri abaki amekaa, akimfuata kwa macho.

Kilichofaa na kilichopotea

Sasa tuseme hukumu yetu. Twaona ya kuwa mchezo huu ulichaguliwa kwa akili.

Mtambo wa Baird ulichora picha kwa mistari 30 tu, picha kumi na mbili na nusu kila dakika ya saa inapogawanywa mara sitini. Sinema hutumia picha 24 kwa muda huo huo. Picha ilikuwa nyembamba, ndefu kuliko upana wake, ikitetemeka kama taa yenye mafuta machache. Ilitosha uso wa mtu mmoja. Mchezaji mmoja alipomaliza, ubao ulisukumwa mbele ya mtambo ili kumficha, huku mwingine akikaa mahali pake. Nyuso mbili hazikuweza kukaa pamoja.

Katika mchezo mwingine hilo lingalikuwa kasoro tupu. Arusi gani yaweza kuonyeshwa hivyo? Ugomvi gani, vita gani? Lakini katika mchezo wa Pirandello umaskini wa mtambo ulisema kweli. Watu hawa wawili wanakaa meza zilizo karibu, lakini hawakutani. Mmoja asema juu ya mafurushi, mwingine juu ya mauti. Kila mmoja yu peke yake ndani ya uso wake. Ubao ule uliopita kati yao ulikuwapo tayari katika maneno, kabla fundi hajausukuma. Na ule uvimbe mdogo, ambao katika teatri mtu wa benchi la nyuma asingeuona, hapa ulikaa katika uso uliojaa kioo kizima. Marekani walimgawanya mtu vipande ili mtambo ufanye kazi. London walimleta mtu mzima kwa kuonyesha uso wake tu.

Hata hivyo hatutaki kusifu kila kitu. Kuna hasara moja, nayo ni kubwa. Katika teatri mtazamaji aweza kumwona mgonjwa akisema mbele, na papo hapo akamwona mwanamke yule kule nyuma, kwenye pembe, amesimama. Hana haja ya kusema neno. Kule kusimama kwake kwamjibu mumewe. Mume adai kwamba hana mahali pa kushika isipokuwa maisha ya wageni. Lakini sisi tunaotazama twaona kwamba yuko mtu anayetaka kumshika, naye amkimbia. Mtambo wa 1930 haukuweza kuonyesha mambo hayo mawili pamoja. Ulimwonyesha mwanamke, kisha ukamwondoa, ukamrudisha mgonjwa. Na mtu akiisha kuondolewa mbele ya macho, upesi husahauliwa. Hivyo maneno matamu ya mgonjwa yalipata nguvu kupita haki yake, na uvumilivu wa mkewe ukapungua uzito. Mtambo haukukosa kwa kusudi. Lakini mwenye kuhukumu mchezo lazima alione jambo hilo. Kioo kidogo chapenda anayesema, nacho chamsahau anayengojea kimya.

Je, mchezo huu wamfaa mkristu?

Msomaji mmoja ataweza kutuuliza: Mchezo huu hauna sala, hauna padri, hauna neno moja la ufufuko. Mgonjwa hakumbuki Mungu. Kwa nini gazeti la wakristu liusifu?

Swali hili ni la haki. Nasi hatusemi kwamba Pirandello afundisha njia ya kufa vema. Hafundishi. Mtu wake ashindana na mauti kwa mawazo peke yake, na mawazo hayana mizizi: leo yashika kamba ya furushi, kesho kiti cha mganga. Anayemjua Kristu ajua kwamba kuna mkono mwingine wa kushika, na katika Mpako wa Wagonjwa mkono huo watugusa kwa mafuta juu ya paji la uso. Neno hilo halimo katika mchezo, nasi twasikitika kwamba halimo.

Lakini kuna kosa jingine ambalo mchezo huu haufanyi, na ambalo sisi wakristu twalifanya mara nyingi. Hausemi uongo juu ya hofu. Sisi twapenda mgonjwa mtulivu, anayetabasamu juu ya kitanda, anayesema amina tunaposema amina. Akilia, twaona haya. Akiuliza habari za shamba badala ya habari za roho, twadhani hana imani. Yobu naye hakukaa kimya. Aliilaani siku ya kuzaliwa kwake, na Kitabu Kitakatifu hakikuyafuta maneno yake. Anayetaka kumpelekea mgonjwa tumaini, kwanza avumilie kuisikia hofu yake.

Hapa lazima tukiri jambo letu wenyewe. Katika kazi ya ukatekista tulikwenda kumwona mama mmoja aliyekuwa mgonjwa sana. Tulikuwa tumetayarisha maneno mazuri, na kitabu cha sala kilikuwa mkononi. Mama hakuomba sala kwanza. Alituuliza kama mahindi yake ya karibu na njia yamekwisha kutoa mbelewele. Tukajibu: "Ndiyo, mama, yamekuwa mazuri." Kweli tulikuwa tumepita pale, lakini hatukuyatazama. Tukaenda mbio kwenye maneno yetu mazuri. Baada ya siku chache tulimzika. Ni uongo mdogo, ndivyo mtu angesema, uongo wa huruma. Lakini tulipousoma mwisho wa mchezo wa Pirandello, ule wa msafiri na fungu la majani, tuliwaza mahindi yale, tukaona haya. Siku ile tulipaswa kutoka nje, kurudi mpaka njiani, kuyatazama mahindi moja moja, kisha kuingia tena na kumwambia. Ndipo sala yetu ingalikuwa na mlango wa kuingilia.

Macho na miguu

Basi twafika kwenye neno ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha mchezo. Mgonjwa huyu, anayekataa huruma ya mkewe, mwishoni aomba huduma ya mgeni. Aomba mtu mmoja ainame kando ya njia kwa ajili yake, ahesabu. Ni ombi la kichaa, mtu atasema. Sisi twaona ni ombi lililo jirani na sala. Asiyetaka tena kutazamwa ataka mtu amfanyie kazi, hata kama ni kazi ndogo ya kuhesabu majani.

Je, msafiri ataihesabu? Mchezo hausemi. Wasema tu kwamba amfuata mgonjwa kwa macho. Hapo Pirandello alikuwa mkali kuliko mhubiri. Angalia watu wote wa habari hii: mgonjwa atazama mikono ya watumishi wa duka; bibi yake amtazama mgonjwa kutoka pembe; msafiri amtazama akienda zake. Wote ni macho. Na mwaka 1930 yaliongezwa macho mengine, ya watu waliokaa majumbani mwao, na waziri mkuu pamoja nao, wakimtazama mgonjwa katika kioo kidogo. Teatri ilikuwa imezoea kuwaita watu watoke nyumbani waende mahali pamoja. Televisheni ilimleta mgonjwa mpaka sebuleni, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kumwona mwenye kansa asema juu ya mauti yake, pasipo kuinuka kitini. Neno hilo lina baraka, kwa kuwa laweza kuamsha moyo. Lina hatari vilevile, kwa kuwa moyo ukiisha kuamshwa wadhani kwamba umekwisha kufanya kazi yake.

Leo kioo kile kimerudi kuwa kidogo kama zamani, nacho kiko mfukoni mwa kijana. Twamwona mgonjwa akipigwa picha kwa simu kitandani mwake. Picha yapelekwa kwa ndugu wa mbali, kwa jumuia, kwa marafiki wa marafiki. Mia moja wamwona, mia moja waandika pole. Hatusemi kwamba pole hiyo ni ya uongo. Mara nyingine picha hiyo yaleta fedha za dawa, na tumshukuru Mungu. Lakini jioni maji ya kumwosha hayajachotwa, na mama mmoja wa Legio ya Maria, ambaye hana simu, ndiye anayekuja na ndoo.

Katika Injili kuhani na Mlawi walimwona yule mtu aliyepigwa njiani. Macho yao yalikuwa mazima. Msamaria naye alimwona. Tofauti yake ni kwamba alimkaribia. Na siku ya mwisho, kama Mathayo atusimuliavyo, Bwana hatatuuliza kama tulimtazama mgonjwa, wala kama tulisikitika vizuri. Atauliza juu ya miguu yetu.

Kwa hiyo twawashauri vijana wanaotengeneza michezo ya parokia wausome mchezo huu, hata kama hauna Mungu ndani yake. Wajifunze kwamba watu wawili na meza mbili zatosha. Wajifunze pia kumweka yule mwanamke mahali ambapo watu wote watamwona, tangu mwanzo hata mwisho, asiondolewe hata mara moja. Na wakipenda kumcheza msafiri, wachezaji wasimfanye mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu mwema aliyekosa gari, akasikia jambo zito, akabaki amekaa.

Sisi twafanana naye kuliko tunavyotaka kukubali. Usiku wake bado haujaisha; gari la asubuhi litakuja, na kando ya njia majani yapo.